Raini ya Krenki

Siku simu ilipopigwa tulikuwa watatu katika karakana hii ya Kitale: bosi, karani wake, na mimi kwenye mashine ya kupanua silinda. Wa nne alikuwa sauti tu, mama mmoja wa Bungoma mwenye lori la kubeba vitunguu kutoka Cheptais. Bloku ya injini yake ilikuwa imefika asubuhi hiyo bila maelezo.

"Mnipigie raini tu," alisema. Simu ilikuwa kwenye spika.

"Raini?" Bosi alimkonyezea karani jicho. "Mama, mvua nitaipigaje na mimi si Mungu?"

Karani alicheka hadi akashika meza. Nami nilicheka. Mimi ni wa Bungoma, na marehemu mama yangu alikuwa akisema hivyo hivyo, raini badala ya laini.

Laini, katika kazi yetu, ni mambo mawili: kuchonga vikalio vya krenki, ule mhimili unaozungushwa na pistoni, vikae mstari mmoja, au kusugua silinda ziwe laini. Lilihitajika swali moja tu. Simu ikakatwa tukiwa bado tunacheka.

"Panua silinda zote nne, kisha uzisugue," bosi aliniambia.

Nilizipima kwanza. "Hizi ni nzima, bosi. Si tumpigie tena?"

"Wewe uliacha shule darasa la saba, ati sasa unanifundisha Kiswahili?"

Wazazi wetu walishazikwa, na wadogo zangu watatu wanakula kwa kazi hii. Niliwasha mashine.

Ijumaa mama akaja na pistoni zake mpya amezifunga kwa leso. Nilitumbukiza moja. Ikashuka mpaka chini ikigongagonga, kama kijiko ndani ya sufuria.

"Mumefanya nini? Si nilisema raini! Raini ya krenki!"

"Aliyepanua ni huyu, mama. Muulize yeye." Bosi akaingia ofisini, akafunga mlango.

Ningeweza kusema ni yeye aliyeniamuru, na ingekuwa kweli. Lakini mama alikuwa ameshaniuliza kwa Kibukusu mimi ni mtoto wa wapi, nami nikamjibu kwa Kibukusu.

"Nilisikia vicheko vitatu kwenye simu," alisema. "Kumbe hata wewe."

"Hata mimi, mama."

Nilimwahidi kumrudishia silinda zake: kila moja niipachike slivu mpya, bomba la chuma la kuziba upana uliozidi, kisha niichonge kwa kipimo cha pistoni zake. Bosi amekataza bloku hiyo isiguswe saa za kazi, kama vile ni mimi niliyemkosea. Naifanya saa ya chakula, na simu yake ikilia natoka nje nisimsikie akimchezea mtu mwingine.

Laini ya krenki nilianza nayo, imekaa sawa. Silinda tatu zimerudi. Lori bado limesimama Bungoma, na vitunguu vya Cheptais vinabebwa na wengine.

Mama bado ananidai ya nne.