Kanga ya Bibi

Tambara gani? Ile kanga ya marehemu Bibi! Juzi nilimkuta wifi yangu anafutia jiko, nikampokonya, akanicheka. Hajui.

Siku ya hitma yake, nami bado mtoto mdogo, watu walipokwishakula, shangazi alizitoa nguo zote za Bibi sadaka. Nyumba nzima ilinuka udi na karafuu mbichi zilizoanikwa uani, majirani wanachagua, wanakunja, wanaondoka. Mimi nilidhani Bibi akirudi atakosa cha kuvaa. Nikaikalia kanga moja.

"Inuka, mwanangu. Sadaka ya bibiyo hiyo."

"Toa zako!"

Nilidhani shangazi atanizaba kofi. Akakaa chini pembeni yangu, akalia.

Leo najua Bibi harudi, na harufu yake imeshatoka zamani. Lakini wewe ungeinuka?