Oringi Mfukoni

Baba yangu hajawahi kuniita fundi. Huniita kwa jina, au "wewe", ingawa trekta lake limekuwa mikononi mwangu tangu nimalize shule. Ndiyo maana asubuhi ile, nilipofika shambani kwetu Kingolwira nikamsikia akimwambia mwanamke mwenye ovaroli ya bluu, "Karibu sana, fundi," niligeuka nikajifanya naangalia matairi.

Trekta lilikuwa limetushinda kwa wiki nzima. Likiingia na plau kwenye udongo mzito, injini ilinguruma lakini magurudumu yalisita. Mikono ya nyuma inayonyanyua plau nayo ilifanya kazi asubuhi tu; trekta likipata moto, ilitetemeka kisha ikashuka yenyewe. Mimi nilikwisha kutoa hukumu: gia boksi imekwisha, pampu ya haidroliki, ile inayosukuma oili ya kunyanyua mikono, imekufa, trekta lifunguliwe katikati. Baba alinisikiliza, kisha akampigia simu huyu mtu wa Mgeta aliyesifiwa mjini kwa kutengeneza matrekta ya zamani.

Alikuwa mdogo kwangu kwa miaka kumi hivi. Alimwamkia baba, akanisalimia, "Kaka, habari za kazi?" Nikajibu bila kumtazama.

Nilitegemea ashike spana. Yeye akauliza maswali. Tatizo linaanza trekta likiwa baridi au likiwa la moto? Gia zinaingia vizuri? Zinapiga kelele? Kisha akapanda, akafunga breki, akaweka gia kubwa na kuachia taratibu klachi, inayounganisha injini na gia. Injini ilipaswa kuzimika. Haikuzimika, iliendelea kunguruma.

"Gia boksi ni nzima, baba," akasema. "Klachi ndiyo inateleza." Akashuka, akabonyeza pedeli kwa kiganja. "Haina nafasi ya kucheza hata kidogo. Kuna mtu ameikaza mno."

Mtu huyo nilikuwa mimi. Niliikaza mwaka jana kabla ya palizi. Baba alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Kwa upande wa haidroliki, alichomoa kijiti cha kupimia oili akamwonyesha baba. Oili ilikuwa na povu kama maji ya kufulia. Alisema pampu haijafa, inavuta hewa. Akafuata bomba la kunyonyea mpaka kwenye kiungo chake, akatoa oringi, ule mpira mwembamba wa mviringo unaoziba kiungo. Ulikuwa umekauka, ukakatika vidoleni mwake. Baba alicheka kwa furaha. Kwangu hajawahi kucheka hivyo.

"Nitaenda mjini kuutafuta," nikasema. Sikuwa na nia mbaya wakati huo. Nadhani sikuwa nayo.

Duka la pili nililoingia lilikuwa na oringi moja ya saizi ile. Nililipa, nikaitia mfuko wa shati. Njiani nikawa nikimwona baba akicheka, nikamsikia tena akisema fundi, fundi. Nilipofika nikasema, "Haipo. Nimezunguka mji mzima."

Baba aliangalia milimani. Mawingu yalikuwa yamefunika Uluguru mpaka chini, na majirani walikuwa wamekwisha kulima. "Basi tena," akasema, akaketi juu ya plau. Nilimwona mzee. Hata hivyo sikuitoa.

Kesho yake mwanamke yule alikwenda mjini mwenyewe. Alirudi mikono mitupu, akamwambia baba bado anajaribu, kisha akanifuata nilikokuwa nasafisha chujio la oili kwa dizeli.

"Kaka," akasema kwa sauti ya chini, "muuza duka ameniambia ile ya mwisho uliichukua wewe. Naiomba."

Niliweka chujio chini. Nikafungua mfuko, nikampa. Aliipaka oili kwa kidole, akaenda kuifunga.

Aliirudishia klachi nafasi yake ya kucheza, akamwaga oili yenye povu na kuweka mpya, akaliwasha trekta, akapandisha na kushusha mikono mara nyingi ili hewa itoke. Tukalima mpaka trekta likapata moto. Plau ilinyanyuka na kukaa juu, imara. Baba alitembea kando ya tuta akipiga makofi.

Mwanamke alipokuwa akifunga vifaa nilimuuliza kwa nini hakumwambia mzee.

"Baba ameniita nitengeneze trekta," akajibu, akapanda bodaboda.

Jioni mimi mwenyewe nilimweleza baba, ya klachi na ya oringi mfukoni.

"Na mvua ingenyesha kabla hatujalima?" akauliza. Akaniambia nikale.

Ningependa kusema wivu uliishia hapo. Haukuisha. Mwezi uliofuata jirani mwenye trekta kama letu alikuja kulalamika kwamba mikono haipandi. Nilikuwa nimekaa pale pale, na baba hakugeuka hata kunitazama. "Mpe namba ya yule fundi," akaniambia. Nilishika simu, nikafikiria kubadilisha tarakimu moja tu, nani angejua. Kisha nikaanza kumsomea jirani, polepole, tarakimu moja moja, naye akaniomba nirudie, nikarudia.