Kidole cha Bi Viraka

Shangazi yangu hajawahi kutupa kitu kinachoweza kushonwa na kitu kingine. Ni fundi cherehani wa miaka mingi, na wateja wamempa jina la Bi Viraka, jina analolipenda kuliko lile la kuzaliwa. Vipande vinavyobaki mezani kwake hugeuka mifuko ya suruali, kola, hata foronya. Ubahili huo ndio ulionisomesha mimi mpaka nikawa mtu wa maabara, kwa hiyo sina uso wa kuucheka sana.

Tatizo ni kwamba sheria hiyo ya fundi aliihamishia kwenye dawa. Akiandikiwa vidonge, alimeza mpaka maumivu yapoe, kisha akaweka vilivyosalia kwa ajili ya ugonjwa mwingine. Jino likimsumbua, viwili. Kifua kikibana, kimoja asubuhi na kingine akikumbuka. Kwake, kumaliza dozi ukiwa mzima ni sawa na kutia kiraka kwenye nguo mpya.

Halafu sindano ya cherehani ikamtoboa kidole cha shahada, mkono wa kulia. Safari hii vidonge vyake vya akiba havikufua dafu. Kidole kilivimba, kikawaka moto, kikaanza kutoa usaha. Daktari wa hospitali ninakofanya kazi akasema bila kuzunguka kwamba dawa ya kufaa isipopatikana haraka, kidole kitakatwa ili mkono upone. Fundi bila kidole kile atapitishaje uzi? Nilimwona akikificha ndani ya mtandio, nikaogopa kweli.

Usaha wake ukaja mezani kwangu. Niliwaotesha bakteria waliokuwamo, nikawapaka kwenye kisahani chenye chakula chao, nikapanga juu yake vikaratasi vidogo, kila kimoja na dawa yake. Majibu yalipokuwa tayari, Bi Viraka alifika mlangoni kabla yangu. Alitaka kuwaona bakteria hao.

Nilimwonyesha kisahani kikiwa na mfuniko wake. Bakteria walikuwa wametanda kama utando wa maziwa. Dawa inayowaua huacha duara safi kuzunguka kikaratasi chake, lakini hapa karibu vikaratasi vyote vilikuwa vimebanwa pande zote. Aliuliza cha vidonge vyake ni kipi. Bakteria walikuwa wamekisogelea mpaka ukingoni, hawana hata wasiwasi.

Nilidhani atalia. Badala yake alivaa miwani, akainama, maswali yakaanza kumiminika. Hawa wamesomea wapi? Nani kawafundisha? Nikamweleza kwamba hakuna aliyefundishwa. Bakteria huzaana kwa kasi, na katika kuzaana huko hutokea makosa madogo madogo. Mara moja moja kosa humpa mmoja wao ngao. Wapo pia wanaopeana ngao hizo wao kwa wao. Dawa ikija nusunusu, wanyonge hufa, wenye ngao wakabaki na nafasi yote ya kuzaana.

Aliukumbatia mkono mgonjwa kifuani.

"Kwa hiyo mimi ndiye niliyewachagua," alisema.

"Huenda wengine walikuja na ngao zao tayari, shangazi. Lakini njia uliwasafishia."

"Na hiki je?" Alikuwa akionyesha kikaratasi cha pembeni, chenye duara safi.

"Hicho kinawaua. Ni dawa ya sindano, utachomwa hapa hospitali kila siku."

"Wakikizoea hicho?"

"Sina kingine cha kukuonyesha."

Sindano zikaanza. Uvimbe ulishuka, usaha ukakauka, na kabla dozi haijaisha nilimkuta amekaa kwenye cherehani, kidole kinapitisha uzi. Nilifurahi nusura nilie, halafu hofu ikaniingia, maana shangazi yangu namjua. Asubuhi iliyofuata nilipita kwake nikakuta pamefungwa. Nilikwenda kazini nimeshapanga maneno yote ya kumgombeza.

Nilimkuta kwenye benchi la wanaosubiri sindano, kidole hakina hata bandeji. Mzee aliyekaa karibu naye alikuwa akimuuliza anaumwa nini, mbona anaonekana mzima kabisa.

"Mimi nimeshapona," alimjibu. "Nimewaleta hawa waliobaki."