Wiki ya Kabla ya Kliniki

Alfajiri ile Apolonia aliketi kitandani, akabana pumzi, akasikiliza kifua chake. Tangu awekewe valvu ya chuma moyoni, miaka minne sasa, amezoea kuisikia ikigonga kama saa ya ukutani. Leo mlio ulikuwa wa mbali, kama uliofunikwa blanketi, na kutoka kitandani hadi mlangoni tu alihema.

Mkwe wake, Boaz, mume wa bintiye Rhoda, alimkimbiza hospitali kwa bajaji bila kugeuza shingo, maana mkwe na mama mkwe hawatazamani hovyo.

Sasa, mama huyu hakuwa mzembe. Aliwapikia wachimbaji kule Katoro miaka kumi na miwili, na siku hizi anauza michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, hapo sokoni Kambarage. Dawa ya kuzuia damu isigande hakuiruka hata siku moja. Ila aliwahi kusikia kwamba mboga za majani zinashindana na dawa hiyo. Basi wiki moja kabla ya kila kliniki aliziacha kabisa, ili kipimo kitoke kizuri asigombezwe. Akirudi nyumbani, ni nsansa ya karanga mchana na jioni.

Leo haikuwa siku ya kliniki.

Daktari Nazia, binti wa wenye duka la vitenge mjini, alimwamkia, akamtoboa kidole. Akaitazama namba ya kipimo mara mbili.

"Mama Rhoda, damu yako inaganda kama ya mtu asiyemeza dawa."

"Nameza, mwanangu."

Boaz, aliyesimama mlangoni amewapa mgongo, alidakia kwamba mama anafuata masharti kuliko askari, majani hata hayagusi. Apolonia akainamisha kichwa.

Daktari alifungua faili. Mara tatu walimpunguzia vidonge, kwa sababu kila kliniki damu ilikuwa nyepesi mno. "Nikikuongezea bila kujua sababu, unaweza kuvuja damu kichwani. Nisipokuongezea, valvu itaziba. Niambie ukweli."

Kupatikana na uongo mbele ya mkwe!

"Nakula nsansa. Kila siku. Nikikaribia kuja kwenu ndiyo naacha."

Boaz akatoka nje.

Nazia hakugomba. Alimweleza kwamba ini ndilo linalotengeneza protini za kugandisha damu, na vitamini K ya majani ndiyo inayozikamilisha zifanye kazi. Majani yakizidi, protini hizo zinazidi, yakikosekana, zinapungua. "Sisi tulikuwa tunampimia dozi mama mwingine kabisa."

Picha ya moyo ilionyesha bonge dogo la damu pembeni ya valvu. Wakaanza sindano za kuzuia damu kuganda saa ile ile.

Siku ya tatu bonge lilikuwa bado, ila limesinyaa. Adhuhuri muuguzi aliingia na bakuli la nsansa. Boaz yuko nje, akasema, anauliza mama apewe vijiko vingapi.

"Viwili," akajibu Nazia. "Kila siku viwili. Hata wiki ya kliniki."