Mama Alipomwagilia Mchanga

Asubuhi ya upepo kule Al Rayyan, pembeni ya Doha, ilianzia mdomoni. Kabla hujafumbua macho ulikuwa tayari unatafuna: mchanga kwenye meno, mchanga kwenye kope, mchanga ndani ya chupa ya chai ambayo Mama aliikaza kifuniko kwa nguvu zake zote na kuifunika khanga juu. Kisha ilikuja harufu ya vumbi baridi, kama vile mtu kafungua mfuko wa saruji ndani ya friji. Halafu ndipo zikaja sauti, krrr, krrr, krrr, mabeleshi yakikwangua lami nje ya milango. Nasikia kuna nchi ambako watu huamka wakakuta theluji imeziba njia, wakaanza kuisukuma kabla ya kwenda kazini. Nawapa pole, lakini theluji yao angalau huyeyuka. Ya kwetu ilikuwa ya kahawia, na isingeyeyuka mpaka Kiama.

Ilikuwa miaka ya mwanzo ya elfu mbili, nami nilikuwa mtoto wa kama miaka tisa. Tuliishi mwisho wa kichochoro, katika nyumba kuukuu iliyogawanywa vyumba kama keki ya harusi yenye wageni wengi. Mbele yetu kulikuwa na kiwanja kitupu ambacho mwenyewe hakuwahi kuonekana, na naamini jangwa zima lilipitia hapo kila lilipotaka kwenda mjini. Upepo ukishapita, utaratibu ulikuwa mmoja: kila mtu anachukua beleshi na kuchimba mbele ya mlango wake. Mchanga unautupa wapi, hilo halikuulizwa. Sisi tuliutupa upande wa Akinyi, nesi kutoka Kisumu aliyekaa chumba cha pili. Akinyi aliutupa upande wa Musoke, Mganda aliyekuwa mlinzi wa jengo moja refu kule West Bay. Naye Musoke, akiwa ndiyo kwanza ametoka zamu, macho mekundu kama nyanya, aliurusha juu, upepo ukautwaa na kuurudisha kwetu. Ulizunguka hivyo msimu mzima. Naapa kuna mchanga mmoja nilikuwa naujua kwa sura.

Msimu huo wa baridi tulikuwa tunamngoja Bibi, mama yake Mama, aje kututembelea kutoka Tanga. Mama hakuwa amemwona tangu mimi nabebwa mgongoni. Kwa majuma mengi nyumba yetu haikuwa na habari nyingine. Mapazia yalifuliwa yakafuliwa tena, na godoro likaanikwa mpaka nikalihurumia. Bibi hakuwahi kupanda ndege, na kwenye simu alitoa sharti moja tu, kwa sauti ambayo haikuhitaji simu kutufikia: "Nikitoka mlangoni nisimwone mtu wangu, narudi na ndege ileile." Ungecheka kama humjui Bibi. Huyu ni mtu aliyewahi kuondoka kwenye harusi ya mtoto wa dada yake, pilau linanukia, kwa sababu hakupokewa getini. Mama hakucheka hata kidogo.

Aliyepaswa kwenda kumpokea ni Baba. Baba alikuwa dereva wa familia moja ya wenyeji, na wenyeji, baridi ikiingia, huhamia jangwani na mahema yao, majiko yao na mbuzi wao, na dereva huhama nao. Baba aliahidi kurudi kabla ya siku ya ndege. Lakini usiku ule upepo wa kaskazini ulivuma kana kwamba umetumwa, na alfajiri simu ikaita. Nilimsikia Baba kwa mbali, kama anaongea kutoka ndani ya mtungi. Magari ya kambini yalikuwa yamezama mchangani, na njia haikuonekana. "Nenda wewe!" alipiga kelele. "Si una leseni?" Simu ikakatika.

Leseni alikuwa nayo kweli, imo kwenye mkoba, bado imevikwa nailoni yake. Mama aliufanya mtihani wa udereva mara nyingi mno, hata mtahini akawa anamuulizia hali ya watoto. Tangu apewe, hakuwa ameendesha peke yake kupita duka la mkate. Alisimama katikati ya chumba ameshika ufunguo wa kigari chetu cheupe kwa vidole viwili, kama anayeshika mkia wa panya. Teksi alizipigia, nazo zikamwambia asubiri, na asubuhi kama ile kusubiri kulimaanisha kesho. Akavuta pumzi, akafungua mlango. Kichochoro hakikuwepo. Kutoka ukuta hadi ukuta palikuwa na kilima cha mchanga laini, kimelala pale kama ngamia aliyeshiba, na gari letu lilikuwa upande usiofaa, huku ndani kwetu.

Wote tulitoka. Musoke alichimba kama mtu anayetafuta mafuta, Akinyi akachimba akiwa na sweta lake la kazini, mimi nikachimba na sufuria. Mchanga mkavu hauna adabu. Unachota beleshi moja, yanateremka mawili kujaza shimo. Vumbi likapanda, likatugeuza wote rangi moja, hata ungetupanga mstari usingejua nani Mkenya nani Mtanzania. Hapo Mama, kwa kiwewe, akafanya jambo ambalo ni mwanamke wa Tanga tu angelifanya. Aliingia ndani, akatoka na ndoo, akaanza kunyunyiza maji, kwa mkono, taratibu, kama anavyonyunyiza uwanja kabla ya kuufagia ili vumbi litulie. Ndoo ilipokwisha akavuta mpira wa bomba.

"Aki Mama Riziki," Akinyi akasema, ameegemea beleshi, "sasa hiyo ni nini? Unamwagilia sukuma wiki?"

"Mimi sifagii pakavu," Mama akajibu bila kugeuka. "Mama yangu anakuja. Akute vumbi limesimama mlangoni kama mgeni?"

"Nyabo," Musoke akalia, akimwita mama kwa lugha ya kwao, "mchanga ulikuwa mwepesi, sasa umeupa maji ya kunywa! Nani ataubeba?"

Na kweli, haukubebeka. Beleshi lililoinua mlima sasa liliinua kipande kama andazi, nacho kizito kama jiwe la kusagia. Musoke alijaribu mara mbili tatu, akaliweka beleshi chini kwa heshima zote, akaketi kizingitini. Juu yetu ndege ikapita chini chini ikielekea uwanjani, tumbo lake jeupe likimetameta. Mama aliifuata kwa macho mpaka ikapotea nyuma ya mapaa. Nikadhani atalia. Badala yake alifunga mpira wa bomba, akaifunga khanga yake kiunoni, akaingia kwenye gari.

"Nitapita juu," akasema.

"Utazama!" Musoke na Akinyi walisema kwa pamoja.

"Basi nizame nikiwa naenda kumpokea."

Niliruka kiti cha nyuma kabla hajanikataza. Akinyi akaingia mbele, akidai hawezi kuangalia mambo kama hayo akiwa nje. Mama akaguna bismillahi, akafumba macho, jambo ambalo sijawahi kulisoma kwenye kitabu chochote cha udereva, akakanyaga mafuta. Gari likakipanda kile kilima kama linapanda ngazi za benki. Halikuyumba wala halikuzama. Mchanga ule uliolowa ulikuwa umeshikana ukawa barabara, na nyuma yetu Musoke alikuwa amesimama juu ya kizingiti akishangilia "Banange! Banange!" mpaka mtaa wa pili wakachungulia. Miaka mingi baadaye, kwenye shule ya jioni niliyosoma nikishatoka kazini, mwalimu alitueleza jinsi maji yanavyozishikiza punje za mchanga. Niliitikia kwa kichwa kama mtu aliyekuwepo yalipogunduliwa.

Safari yenyewe sitaimaliza nikiielezea. Barabara kuu ilikuwa na ukungu wa vumbi, taa za magari zikionekana kama ndimu ndani ya maziwa. Mama aliendesha polepole kiasi kwamba lori lililobeba ngamia lilitupita, na ngamia mmoja akageuza shingo kututazama kwa masikitiko. Akinyi hakuwa na leseni ila alikuwa na maelekezo. "Ingia! Usiingie! Sasa! Ngoja!" Kipilefti cha kwanza tulikizunguka mpaka nikaanza kuwazoea wenye maduka. Lakini tulifika, na Mama alipozima gari, vidole vyake vilikataa kuuachia usukani. Akinyi alivibandua kimoja kimoja.

Tuliingia mbio. Watu wa ndege ile walikuwa wameshatawanyika zamani. Pale, pembeni ya nguzo, juu ya begi lililofungwa kamba ya katani, ameketi Bibi na buibui lake, mkononi ana mfuko wa karanga, ametulia kama yuko barazani kwake. Mama alisema "Shikamoo mama," akapiga magoti palepale sakafuni.

"Marahaba mwanangu. Inuka, watu wanapita," Bibi akasema, na mkono wake haukutoka kichwani kwa Mama. "Nimeuliza ndege yangu inarudi saa ngapi. Wakaniambia jioni. Nikasema, ah, basi mnao muda mpaka jioni."

Mama akaanza kucheka na kulia kwa wakati mmoja. Mimi nikakaa kwenye begi, ubavuni kwa Bibi. Njia nzima ya kurudi Bibi alikaa nyuma nami, akisoma dua kwa sauti inayopanda kila Mama alipokanyaga breki. Tulipofika alishuka, akautazama mchanga uliolowa na alama za tairi zetu. "Nani kanyunyiza maji hapa?" Mama akasema ni yeye. "Vizuri. Lakini hujafagia." Akaomba ufagio. Kesho yake mchana Baba, bingwa wa jangwa, alirudi kwa gari kubwa la bosi. Usiku upepo ulikuwa umeleta mchanga mwingine, mkavu, naye akakwama mbele ya mlango wake mwenyewe. Mama alimtokea na ndoo, na furaha ya uso wake ingewasha taa za Doha nzima.

Siku hizi kichochoro kile kina vigae, na gari la manispaa lenye mabrashi hupita likameza mchanga kabla watu hawajaamka. Simu hunionya upepo ungali mbali. Nakaa mtaa wa Najma, naendesha gari langu, vioo nimefunga, na mrundikano wa mchanga mlangoni kwangu sijauona kwa muda mrefu. Meno yangu yamepumzika, nami sitamani kurudi. Ila jirani yangu wa sasa simjui jina, na sijawahi kumtupia hata beleshi moja.

Mama na Baba walirudi Tanga. Baridi iliyopita Mama alikuja kunitembelea, na siku hiyohiyo vumbi likafunga barabara, foleni ikasimama, nikafika uwanja mpya wa ndege nimechelewa. Nilimkuta pembeni ya nguzo, juu ya begi lake, anakula karanga. "Nimeshauliza," akasema kabla sijamwamkia. "Inarudi usiku." Nikamfungulia mlango wa mbele. Akaupita, akaingia nyuma, akajifunga mkanda, na hata ufunguo sijaugeuza, akaanza kusoma dua kwa sauti.