Mama wa Kambo wa Saa Kumi na wa Saa Kumi na Moja

Kazini walimwita Mama Kambo, na jina hilo alilipata kwa jasho lake. Alikuwa akitia sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia zilizoletwa kutoka nje, na kila ilipokuja yenye mama wa kambo ndani yake, hakuna aliyejisumbua kutafuta mtu mwingine. Sauti yake ilikuwa nzito kidogo, tulivu, ya mtu anayekutandikia kitanda huku akihesabu siku zako. Nje ya chumba cha kurekodia alikuwa mwanamke mpole wa miaka thelathini na minne, mwoga wa mende, asiyekumbuka mwavuli hata mawingu yakimfuata mlangoni.

Mwaka huo zilikuja tamthilia mbili kwa mpigo. Zote zilichotwa kwenye hadithi moja ya kale, ya msichana anayetumwa na mama wa kambo kuteka maji kwenye kisima kisicho na mwisho. Ya kwanza, iliyoonyeshwa saa kumi alasiri, ilikuwa ya kifahari: jumba la vioo, kisima katikati ya bustani, na mama wa kambo mwenye kiwanda cha manukato na viatu vya kila rangi. Ya pili ilifuata saa kumi na moja kwenye kituo kingine, na hiyo haikuwa na mbwembwe. Ilikuwa na nyumba moja, taa hafifu, kisima chini ya sakafu ya jikoni, na mama wa kambo ambaye uso wake haukuonyeshwa hata mara moja. Alionekana mgongo tu. Wanawake wote wawili walizungumza kwa sauti yake.

Tofauti nyingine ilitoka kwa Fundi, aliyeshughulikia mitambo ya sauti. Kwenye tamthilia ya kwanza aliziacha pumzi zote za Mama Kambo kati ya maneno. Wenye tamthilia ya pili waliagiza zikatwe.

"Wanasema mama huyu alitoka kisimani, na aliyetoka huko hapumui," Fundi alimweleza, akirekebisha kipaza sauti. "Kwa hiyo huko wewe ni marehemu, Mama Kambo. Ila kesho uje kazini."

Nyumbani alikuwa na binti wa miaka kumi ambaye hakumzaa. Mama mzazi wa binti alifariki zamani, na baba yake, dereva wa malori ya masafa marefu, alimwoa Mama Kambo miaka mitatu iliyopita. Sasa ulikuwa mwezi wa nne tangu baba huyo aondoke na lori lake. Ulikuja ujumbe mmoja tu kwenye simu, wa mistari miwili: amepata maisha mengine huko aliko, asitafutwe. Mtu mzima na ndevu zake aliingia mitini.

Mama Kambo alimwambia binti kwamba baba yuko njiani, atarudi. Hakumficha kwa kupenda. Shangazi wa mtoto, dada wa baba, alishasema siku ya harusi, mbele za watu, kwamba damu ya kaka yake haitalelewa na mtu baki. Maadamu baba alikuwa njiani, shangazi hakuwa na pa kushikia. Siku ukweli ukitoka, binti angefungashiwa nguo jioni hiyohiyo. Mama Kambo alijaribu mara moja kuifikiria nyumba ile bila mtoto huyo anayelala mguu mmoja nje ya blanketi, akashindwa kumaliza fikra yenyewe. Basi kila asubuhi alifuta vumbi kwenye ndala za baba, akazirudisha kando ya mlango, ncha zikielekea nje.

Jumatatu moja alizikuta zimeelekea ndani.

Alijua ni michezo ya mtoto, akazigeuza. Alhamisi zikawa vilevile, zimesimama sambamba, kama za mtu aliyeingia sasa hivi. Alizigeuza tena na hakusema kitu, kwa kuwa kuulizia ndala kungeleta swali la mwenye ndala.

Wiki hiyo mwalimu aliwapa wanafunzi kazi ya kulinganisha tamthilia mbili zilizotokana na hadithi moja. Binti hakuhitaji kutafuta mbali. Alichora safu kwenye daftari, na kila alasiri akawa anakaa mbele ya televisheni, kalamu ya risasi mkononi, macho ameyafumba.

"Utaandika nini na huoni?" Mama Kambo alimuuliza.

"Nikiangalia nawaona watu wa huko. Nikifumba nakusikia wewe, mama mdogo."

Jumatano iliyofuata, wakinywa chai, binti alianza kueleza alichogundua, taratibu, kama daktari anayesoma majibu. Alisema jumba la saa kumi ni zuri lakini halitishi, kwani kila kitu kinaonekana. Alisema hadithi zote mbili zina dosari moja: baba anasafiri mwanzoni na hakuna anayeuliza yuko wapi. Kisha akaweka kikombe chini.

"Mama wa saa kumi anavuta pumzi kabla ya kudanganya. Akisema kweli, havuti. Wa saa kumi na moja hapumui kabisa, ila sehemu moja."

"Ipi?"

"Akisema baba atarudi."

Kesho yake Mama Kambo alimsimulia Fundi, kwa sauti ya utani ili asionekane amepagawa. Fundi alisema haiwezekani. Ya jana ilishakwenda hewani, lakini wangeweza kuikagua ya leo. Alifungua kazi yao kwenye kompyuta, akaonyesha mstari wa sauti: penye maneno umevimba, penye kimya umelala kama uzi. Kabla ya neno lile kulikuwa na kichuguu kidogo.

"Hiki nilikikata," Fundi alisema. Akakikata tena mbele ya macho yake. Wakasikiliza pamoja. Kimya, kisha: baba atarudi. Pumzi haikuwapo.

Saa kumi na moja na robo alasiri hiyo Mama Kambo alikuwa jikoni akisuuza sufuria. Alisikia pumzi yake mwenyewe ikivutwa sebuleni. Ilikuwa ndefu, yenye mkwaruzo mdogo mwishoni, ileile anayoivuta yeye akipanda ngazi. Kisha sauti yake ikasema, "Baba atarudi." Binti hakugeuka, aliinamisha kichwa akaandika kitu.

Kesho yake, binti alipokuwa bado hajatoka shule, Mama Kambo aliliona daftari lake mezani. Alitaka kulisogeza tu afute meza, lakini lilikuwa wazi. Safu hazikuwa mbili. Ya kwanza iliandikwa *Saa kumi*, ya pili *Saa kumi na moja*, na ya tatu iliandikwa *Hapa*.

Alivuta kiti akasoma.

Kisima. Saa kumi: bustanini. Saa kumi na moja: chini ya jiko. Hapa: bafuni; anafungua bomba nisisikie analia.

Baba. Saa kumi: amerudi na zawadi. Saa kumi na moja: hajarudi. Hapa: yuko njiani (pumzi).

Viatu vya baba. Saa kumi: havionyeshwi. Saa kumi na moja: vinasogea vyenyewe. Hapa: vinasogea, nadhani ni mama mdogo.

Sentensi hiyo aliirudia mara tatu. Mstari wa mwisho uliitwa *Mwisho wa msichana*. Wa saa kumi aliolewa. Wa saa kumi na moja alitumwa kisimani na bado yuko huko. Chini ya *Hapa* hapakuwa na neno. Palikuwa na nukta tu, iliyokandamizwa na kalamu mara nyingi mpaka karatasi ikatoboka.

Binti alipoingia alimkuta amekaa na daftari mapajani. Alivua mkoba, akawasha televisheni kwenye kituo cha saa kumi na moja, kisha akasimama akingoja. Mama Kambo alipiga moyo konde.

"Baba yako hatarudi. Alituma ujumbe mwezi ule ule alioondoka. Nimekudanganya."

Binti aliinamisha kichwa upande, akisikiliza hata baada ya maneno kwisha.

"Hujavuta pumzi," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Tangu mwanzo. Nilikuwa nangoja uchoke."

"Na ndala?"

"Mimi sijawahi kuzigusa. Si wewe?"

Mama Kambo alitikisa kichwa. Wote wawili waligeukia mlangoni. Asubuhi alikuwa ameziacha zikitazama nje. Sasa zilitazama ndani, zikiwaelekea.

Binti alisogea mpaka bega lake likamgusa mwenzake. "Shangazi akija kunichukua, utanitoa?"

"Hapana. Sijui kama nitamshinda. Ila sitakutoa."

"Rudia."

Alirudia, neno kwa neno. Hapo kwenye televisheni tamthilia ya saa kumi na moja ilikuwa imeanza: mgongo ule, jiko lile, mbao za sakafu zimeondolewa. Sauti yake ilivuta pumzi ndefu, na wao wakabaki wameganda wakingoja itakalosema. Binti alikinyakua kidhibiti mezani akaizima kabla haijatamka.

Kimya kilipotulia, kila mmoja aliokota ndala moja. Binti aliishika yake kwa vidole viwili, kama mkia wa panya. Walizitumbukiza kwenye pipa la taka nje, wakafunika, wakaweka na tofali juu ya kifuniko.

Waliporudi ndani, binti alilichukua daftari, akaitazama ile nukta iliyotoboka, asiandike kitu. Badala yake alimletea mama yake mdogo simu.

"Mpigie shangazi umwambie yote," alisema, akikaa karibu yake. "Wewe ongea. Mimi nitafumba macho."