Kadi za Mabati na Kadi za Nyasi

Karani wa kadi katika ofisi yetu ya Mbinga hakulamba kidole kama sisi wengine alipofunua karatasi. Kila kadi aliishika kwa ncha, kama mtu anayemshika kumbikumbi kwa mabawa, na sauti yake ilikuwa ya chini hata mbele ya Bwana Shauri, mkuu wa wilaya. Mwaka ule Bwana Shauri alitaka kutoa amri kila nyumba iezekwe mabati, maana kadi zetu, moja kwa kila nyumba, zilionyesha kwamba watoto wa nyumba za mabati hawafi sana kwa kuhara kama wale wa nyumba za nyasi. Karani alizichanganya kadi zote, akatenga kwanza wanaochota chemchemini na wanaochota mtoni, ndipo ndani ya kila fungu akapanga mabati huku na nyasi huku.

"Kimoja kisimame, Bwana, kingine kitembee," alisema, kama alivyotuambia kila siku: maji yabaki yale yale, paa ndilo libadilike.

Chemchemini, mabati na nyasi walilingana kwa uzima. Mtoni walilingana kwa misiba. Wenye mabati wengi walikuwa wamejenga karibu na chemchemi, basi; kilichookoa watoto ni maji, si paa. Kadi zetu zilikuwa na namba tu, bila majina. Bwana Shauri akachomoa moja: mabati, mtoni, mtoto mmoja, amefariki.

"Na huyu ni nani?"

"Ni mimi, Bwana," karani alisema. "Mabati niliyapigilia mwenyewe."

Akaipokea kwa ncha, akairudisha kwenye fungu lake, katikati ya nyingine.